Kiti cha Jioni

Kisumu jua halina mzaha na saa. Mji umekaa kusini ya ikweta kwa kilomita chache tu, hivyo iwe Januari iwe Julai, ikifika saa moja ya usiku giza limeshaingia au liko mlangoni. Mchana upepo hutoka ziwani ukaingia nchi kavu, usiku hugeuka ukarudi ziwani. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi hewa husimama, mabati huanza kupoa, na aliyeshinda kazini hutafuta pa kuketi. Ninachotaka kusimulia ni historia ya kipindi hicho: nani alikaa wapi, alikaa akifanya nini, na nani alimwinua.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Migosi tangu nyumba nyingi za mtaa huu zikiwa misingi na marundo ya mchanga. Kustaafu hakujanipumzisha, maana mashine yangu ya kupima presha inajulikana hadi Kondele. Wanakuja wauza mboga, walimu, waendesha boda, nyanya wanaolea wajukuu. Presha ikiwa juu nawauliza wanalala vipi, na majibu hayapishani sana: mwili umelala ila kichwa kinatembea. Hospitali wameshaambiwa wajipumzishe kila siku. "Sista," wananiuliza, "huko kujipumzisha kunafanywaje?" Anayeuliza ni mtu mzima mwenye wajukuu, na hana utani. Dani, nyanya yangu wa Seme, angecheka mpaka ajifute machozi. Kwake yeye kupumzika kulikuwa na nyumba yake, moto wake na saa yake, na hakuna aliyefundishwa namna ya kukufanya.

Katika boma la Kijaluo la zamani, baba mwenye boma alikuwa na kibanda kidogo karibu na lango la zizi la ng'ombe, duol. Jua likizama moto uliwashwa humo, na wanaume wa boma pamoja na majirani wakakusanyika. Kila mke alipeleka chakula huko, kikaliwa na wote, hata mgeni asijue ugali upi umetoka jiko la nani. Ng'ombe aliyepotea, mahari iliyosalia, mtoto aliyemtukana jirani: mambo ya mchana yalitajwa mbele ya moto kabla mtu hajalala nayo. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo aliyekuwa pia mchungaji wa Wasabato, aliandika desturi za boma kwa Dholuo katika kitabu cha mwaka 1938, Luo Kitgi gi Timbegi, na mpaka leo wazee wa huku wakibishana hukitaja kama hakimu.

Wanawake na watoto hawakuachwa nje ya mpango. Kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee, ambako wasichana na watoto wadogo walilala. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliandika juu ya huyo bibi, aliyeitwa pim, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989. Hoja yao naipenda kwa sababu ni ya kiuuguzi bila wao kujua: mambo mengi ambayo jamii ilijua kuhusu ukoo, ndoa, maradhi na nani ni ndugu wa nani hayakuhifadhiwa na wazee wenye fimbo, yalipita mlangoni kwa kikongwe mmoja, usiku, watoto wakiwa wamelala chali wanasikiliza. Na hakuwa lazima awe nyanya yao wa damu.

Dani alikuwa mkali juu ya saa. Hadithi za mchana alizikataa kabisa. Mchana ni wa jembe, alisema, na mtoto anayeomba hadithi jua likiwa juu hatarefuka. Usiku alianza polepole, kwa vitendawili kwanza, ambavyo vilitutoa pumzi kwa kubishana, kisha hadithi fupi ya sungura, kisha ile ndefu yenye wimbo wa kurudiwarudiwa. Kufikia wimbo wa mwisho sauti za kuitikia zilikuwa zimepungua moja baada ya nyingine. Yeye aliendelea kuimba mpaka aitike mmoja tu, na huyo alikuwa mimi, kwani nilikuwa mtoto wa usingizi mgumu. Asenath Bole Odaga, mwandishi aliyekuwa na kampuni yake ya uchapishaji hapa Kisumu, alikusanya hadithi za namna hii na kitabu chake kimoja akakipa jina la maneno tunayofungia hadithi, Thu Tinda. Kwenye karatasi zinasomeka vizuri. Kinachokosekana ni kule kushuka kwa sauti, na kwa maoni yangu hicho ndicho kilichokuwa dawa.

Wanaume walikuwa na ajua. Ni bao la safu mbili, mashimo manane kila upande, na kete zake ni zile mbegu ngumu za kijivu ambazo pwani huziita komwe. Kwetu zilipangwa tatu tatu kila shimo. Nimewatazama wazee wakicheza tangu nikiwa mdogo, na baadaye nikiwatazama kwa macho ya kazi yangu. Mchezaji anayehesabu kete za mwenzake, akikadiria mkono wake utaishia shimo gani, hana nafasi ya kuhesabu deni la ada ya shule. Hawezi kufanya yote mawili. Na kwa kuwa zamu hupokezana, kuna kupumua katikati: unacheza, unanyamaza, unamtazama mwenzako akikosea. Bao la pwani ni la safu nne na lina fahari zake, lakini sioni kama linatuliza kichwa kuliko hili.

Kulikuwa pia na pombe, na siwezi kuiruka nikajifanya mtakatifu. Pombe ya wimbi na mtama iliwekwa kwenye chungu kikubwa katikati, ikaongezwa maji ya moto, na wazee wakaketi kukizunguka, kila mmoja na oseke yake, mrija mrefu wa mti wenye chujio dogo mwishoni. Mrija huo hauruhusu haraka. Huwezi kubugia. Unavuta kidogo, unasubiri, unaongea. Mdogo hanyonyi kabla ya mkubwa, na mlevi anayepiga kelele hunyang'anywa mrija bila kunyang'anywa kiti. Ukilinganisha na jinsi vijana wanavyomwaga kwenye koo vile vichupa vidogo vya plastiki vya siku hizi, utaona kwamba kilichopotea ni ule urefu wa mrija.

Na nyatiti. Nyuzi nane, chombo kimelazwa chini, mpigaji ameketi kwenye kigoda kifupi, kidoleni mwa mguu amevaa pete ya chuma ya kugongea ukingo wa chombo, mguuni njuga. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alipita Nyanza mwaka 1950 akawarekodi wapigaji wa wakati huo. Miaka mingi baadaye Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019 nyumbani kwake Nyahera, juu ya milima inayotazama mji wetu, aliupeleka wimbo wa Kothbiro kwenye albamu ya mwaka 1993, kisha filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 ikausambaza dunia nzima. Ni wimbo wa mvua inayokuja na ng'ombe wanaotakiwa kurudi nyumbani. Wazungu waliousikia sinema huutafuta ili walalie. Hawajakosea saa.

Yote haya yalikuwa na adui wake wa kwanza, naye alifika kwa reli. Tarehe 20 Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali walipopaita Port Florence kwa jina la mke wa Preston, mhandisi wa reli. Reli ilileta saa ya ukutani, kengele, zamu na kodi ya kibanda. Kodi ilitaka pesa taslimu, na pesa zilikuwa bandarini Mombasa, kwenye majani chai ya Kericho, au Miwani kwenye miwa, ambako kiwanda kilianza miaka ya 1920. Kwa hiyo vijana waliondoka. Kwenye duol alibaki mzee na moto wake na kiti kitupu cha mwanawe. Watu hudhani desturi hufa kwa sababu watu wanaidharau. Hii ilianza kufa kwa sababu waliopaswa kuikalia walikuwa wamelala kwenye vyumba vya kampuni, kitanda juu ya kitanda, wakisubiri king'ora cha asubuhi.

Wamisionari walifuata njia hiyo hiyo. Mapadri wa Mill Hill walikuwa Kisumu kufikia mwaka 1903. Mwaka 1906 Waanglikana wa CMS walifungua Maseno, na mwaka huo huo Arthur Carscallen, pamoja na Mwafrika kutoka Nyasaland aliyeitwa Peter Nyambo, wakavuka ghuba na kuanzisha kituo cha Wasabato Gendia, karibu na Kendu. Nyanya yangu wa upande wa mama alibatizwa huko. Pombe haramu, tumbaku haramu, na ngoma za usiku zikatazamwa kwa jicho baya. Oseke zikatupwa, au zikafichwa darini.

Lakini Wasabato hawakuondoa tu, waliweka. Waliweka mapumziko ya siku nzima, kutoka jua la Ijumaa kuzama mpaka jua la Jumamosi kuzama. Kule Kendu Ijumaa mchana ilikuwa mbio: maji yachotwe, kuni zipasuliwe, chakula kipikwe, nguo zikunjwe. Jua likigusa maji, hata sindano haikuguswa. Nililala kwa nyanya huyo likizo nyingi, na nakiri ule ukimya wa Ijumaa jioni, watu wakiimba kwa sauti nne bila ala, ulikuwa na nguvu zake. Ila tofauti ilikuwepo. Dani wa Seme alituliza kichwa kila siku, kidogo kidogo. Nyanya wa Kendu alikiacha kijae siku sita akakimwaga siku moja. Kama muuguzi, nikilazimishwa kuchagua, namchagua Dani. Kama mjukuu siulizwi.

Wazungu nao walikuwa na jioni yao, kwenye Nyanza Club kando ya ziwa, wakiwa na gofu na vinywaji mezani. Inasimuliwa kwamba kanuni za uwanja huo zilimruhusu mchezaji kuhamisha mpira ukitua karibu na kiboko. Wahindi walitembea familia nzima pwani ya ziwa, magauni na saree zikipepea. Mwafrika aliyefanya kazi mjini alitengewa Kaloleni na Shauri Moyo na nyumba za reli, na mtaani huko alijitengenezea jioni mpya kwa alivyovikuta. Chama cha Luo Union kilikuwa na mkono mkubwa katika hilo. Mwenzao Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, alipouawa mwaka 1953, walichangishana wakajenga Ofafa Memorial Hall hapa Kaloleni kwa kumbukumbu yake. Mtu aliyetoka kazini alikuwa na ukumbi wa kwenda, na ukumbini kuna watu wa kwao.

Redio ndiyo iliyorudisha jioni ndani ya nyumba. Sauti ya Kenya ilikuwa na kituo hapa Kisumu kilichotangaza kwa Dholuo, na kwa Kiswahili tulipata zile salamu ambazo leo vijana hawazielewi kabisa: mtu ananunua kadi, anaandika majina ya watu anaowasalimu, anaipeleka, halafu anakaa siku nyingi akisubiri mtangazaji ayasome. Mtaa mzima ulijua majina ya wasalimiaji mashuhuri. Jumapili ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela na Je, Huu ni Ungwana?, kipindi kilichoanza mwaka 1966 na kudumu zaidi ya nusu karne. Na muziki wa benga ulipokolea, D. O. Misiani na wenzake wakilifanya gitaa liongee kama nyatiti, mlango uliachwa wazi ili jirani asiye na betri naye asikie. Kuna waliosema redio iliua hadithi. Kwetu Seme Dani aliizima redio ya mjomba hadithi ilipofika, na mjomba hakubisha.

Kilichoua jioni zaidi ni sheria na kafyu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilifunga vilabu vya pombe ya busaa, na mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku pombe ya chang'aa, iliyodumu mpaka 2010. Sitetei chang'aa. Nimewafunga bandeji na kuwafumba macho wanywaji wake wengi. Lakini vilabu vya busaa vilikuwa na mabenchi, mwanga, mchana wa saa kumi, mzee wa kuamua ugomvi. Vilipofungwa, kinywaji hakikuisha, kilihamia chumba cha nyuma chenye giza, kikawa kikali zaidi na cha haraka zaidi. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilileta kafyu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona jioni nzima ya mji ikifungwa kwa amri. Nilitembea kwenda zamu ya usiku na barua mkononi, barabara tupu, taa za majumbani zimezimwa watu wakiwa macho ndani.

Migosi ilizaliwa katika miaka hiyo hiyo. Mipaka ya mji ilikuwa imepanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikameza vijiji vilivyouzunguka, na baadaye ukaja mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu alipewa kiwanja kilichopimwa, bomba la maji, bomba la majitaka na barabara, nyumba ajijengee. Ulikuwa mradi mzuri kuliko mingi niliyoiona. Walioupanga walifikiria choo, walifikiria shule, walifikiria upana wa gari la zimamoto. Jioni hawakuifikiria, na kwa kweli nani angeiandika kwenye ramani? Kila mwenye kiwanja alijenga vyumba vya kupangisha kuzunguka ua, chumba kimoja kimoja, mlango kutazama mlango. Mpangaji anayerudi kazini anaingia chumbani penye kitanda, jiko na watoto watatu wanaofanya kazi ya shule. Duol hakuna, siwindhe hakuna, na nyanya yuko Bondo au Homa Bay.

Watu hawakukubali hivyo hivyo. Kwenye ua, saa kumi na mbili, akina mama walitoa vigoda, wakachagua mchele na kusukana nywele na kukaanga omena pamoja, na kesi ndogo zikaamuliwa hapo kabla mtu hajalala nazo. Wanaume walikaa langoni. Mwembe wa kona karibu na kwangu ulikuwa na gogo lililolainishwa na suruali. Ajua ilirudi, kwa mzee mmoja aliyestaafu bandarini akaja na ubao wake. Hakuna aliyeita hilo kupumzika. Ukimwuliza alikuwa akifanya nini angesema alikuwa amekaa tu.

Wenzetu wa mbali walilazimika kuliandikia vitabu. Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, alitoa kitabu mwaka 1929 akifundisha watu kukaza msuli mmoja na kuuachia, halafu mwingine, mpaka mwili wote ulegee, kwa hoja kwamba akili haiwezi kuhangaika ndani ya mwili uliolegea. Herbert Benson wa Harvard alitoa chake mwaka 1975: keti kimya, rudia neno moja kwa kila pumzi, mawazo yakija yaache yapite, dakika kumi mpaka ishirini kila siku. Moyo hupunguza kasi. Nimeyafundisha yote mawili sebuleni kwangu na yanafanya kazi. Shirika la Afya Duniani lina mpango unaofundisha watu wasio wataalamu kuwasaidia wenye dhiki, na somo lake la kwanza ni kupumua polepole. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukapunguza dhiki yao.

Hata hivyo wanawake ninaowafundisha wakirudi nyumbani, wanaoendelea na zoezi ni wachache. Mmoja aliniambia wazi: nikifumba macho peke yangu chumbani, mawazo ndiyo yanapata nafasi. Huyo alinifundisha zaidi ya Benson. Jacobson na Benson waliwaandikia watu wenye chumba chenye mlango unaofungwa na ukimya ndani yake. Chumba cha Migosi kina watu watano, na ukimya wa ghafla ndani yake huashiria msiba au deni. Dani hakuwahi kutuambia tufumbe macho tupumue. Alitupa wimbo wa kuitikia, na anayeitikia wimbo lazima apumue kwa mpango.

Ndiyo maana niliposoma habari za Zimbabwe sikushangaa hata kidogo. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, baada ya mgonjwa wake kujiua kwa kukosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali, alianza na nyanya 14 mtaa wa Mbare, Harare. Kila mmoja alipewa benchi nje ya zahanati. Mwenye ugonjwa ambao Washona huuita kufikiri kupita kiasi anakaa karibu na nyanya, anaeleza, nyanya anamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, yenye washiriki 573, yalionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Malawi na Zanzibar. Pim amerudi na benchi, na safari hii kuna anayehesabu matokeo yake.

Kisha ikaja korona. Kafyu ya kwanza ilianza mwisho wa Machi 2020. Juni 2021 kaunti 13 za kanda hii ya ziwa na Magharibi zilipewa ya kwao peke yake, kuanzia saa moja ya usiku. Nairobi watu walikaa mpaka saa nne, sisi tulifungiwa wakati mabati bado yana joto. Kama mtu wa afya nilijua sababu, wagonjwa wa aina mpya ya virusi walikuwa wakijaa hospitalini kwetu, na niliwahimiza majirani watii. Lakini saa ile iliyochukuliwa ilikuwa ndiyo hasa. Gogo la mwembeni lilikaa tupu wiki kwa wiki. Presha nilizopima miezi hiyo kupitia dirishani, mkono wa mgonjwa ukiwa ndani ya nondo, sikuzipenda. Mzee wa bandari alifariki wakati huo, kwa ugonjwa mwingine, na wanawe wakaniletea ubao wake kwa kuwa hawakujua wa kumpa.

Kafyu ziliondolewa Oktoba mwaka huo. Vigoda vya akina mama vilirudi haraka. Gogo lilichelewa, kwa sababu vijana wa boda waliokuwa wamelirithi walikuwa wamejifunza jioni nyingine: kila mmoja na simu yake, mabega yamegusana, wakibashiri mechi za Uingereza na Uturuki ambazo hawatazitazama. Niliwatolea ubao wa ajua. Kwanza walicheka, wakasema hiyo ni ya makumbusho. Kisha mmoja wao, kijana wa Nyakach ambaye babu yake alimfundisha, akawapiga wote mfululizo, na kuanzia hapo ubao haukurudi ndani mpaka usiku.

Sharti langu lilikuwa moja, dau marufuku. "Mathe, bila dau haina utamu," walinilalamikia, nami nikawaambia utamu wakautafute kwenye miwa. Wakakubali kwa midomo. Baada ya muda mfupi ubao wa pili ulitokea ng'ambo ya barabara, umechongwa kwenye kipande cha mninga kutoka kwa seremala, kete zake vifuniko vya soda, na huko mia mia zinatembea. Kwa sasa tuna mabao mawili yanayotazamana. La kwangu huanza saa kumi na mbili na kuisha giza likiingia. La kwao huanza mchana na mara nyingi huishia kwa ugomvi. Juzi wawili wa upande ule walivuka barabara wakihema, wakataka nipime presha yao. Nimewaambia warudi asubuhi, kabla hawajashika kete.